Madaftari Matatu na Mama Mkwe Wangu

Jamani, aibu hii nilitaka nizikwe nayo, lakini kwa kuwa mke wangu huisimulia kila harusi, na kila mara ananiongezea ujinga, bora niiseme mwenyewe.

Nilikuwa katibu wa kijiji chetu cha ujamaa kule Muleba, miaka ile ya nyumba kupangwa mstari mmoja (ndiyo maana nyumba iliyofuata yangu ilikuwa ya baba mkwe, Ta Kamugisha, hebu fikiria). Mvua ilipolowesha daftari la kaya, nikabuni mpango: madaftari matatu ya penseli, moja ofisini, moja kwa mwalimu Mlutheri, moja kwa katekista, na kila Jumamosi nafuta lililo la zamani kuliko yote, nalijaza upya kutoka lile la karibuni, kisha nayazungusha. Likipotea moja, mawili yapo! Sifa zikafika wilayani, na ofisa akaahidi kuja. Akiridhika, nahamia Bukoba mjini kufundisha makatibu wenzangu. Nikaanza kutembea kama mtu wa mjini.

Basi Jumamosi moja, kwa haraka ya kuwahi rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa jirani, nikasema ngoja niandike waume wote kwanza, toka juu hadi chini, halafu wake zao. Nikamruka mke wa mstari wa kwanza kabisa. Wanawake wote wakapanda mstari mmoja, kila mmoja akaingia kwa jirani, na mzee wa mwisho akabaki kapera. Sikusoma tena. Jumamosi mbili zilizofuata nikanakili kosa hilohilo kwa mwandiko mzuri ajabu.

Siku ya ofisa kijiji kizima kilikuwa uwanjani, khanga zinagawiwa kwa kila kaya. Nikasoma kwa sauti: "Ta Rwegasira, mke Ma Kokunura!" Watu wakacheka, maana Ma Kokunura ameketi palepale na mume wake, mtu mwingine kabisa.

"Ndiyo faida ya mpango wangu," nikasema kwa maringo. "Leteni daftari la mwalimu."

La mwalimu likasema vilevile. La katekista vilevile.

"Ndugu Katibu," ofisa akasema, "madaftari matatu yamekubaliana. Waliokosea ni watu?" Akalichukua mwenyewe akasoma mstari wangu: jina langu, mke, Ma Adelina.

Mama mkwe wangu! Mwanamke ambaye hata kumtazama usoni naona haya! Akajifunika khanga akakimbilia migombani, na Ta Kamugisha akasimama.

"Mawe, mama wee! Binti nimekupa, Katibu. Na mama yake unamtaka?"

Bukoba nilikwenda, ndiyo, lakini kutafuta kitenge cha kumwomba radhi mama mkwe, ambaye kwa mwezi mzima alizunguka shambani ili asipite mlangoni kwangu. Makatibu walifundishwa na mtu mwingine. Iliniuma, sitaficha.

Nimeapa: nakala isiyosomwa si nakala. Siku hizi hata barua nikiinakili namsomea mke wangu kwa sauti, naye nikifika kwenye jina lake huniambia, "Rudia hapo."