Mashavu ya Immakulata

Mimi ndiye niliyesema mtoto amenona. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nalificha. Nilisema kwa mdomo huu huu, Jumapili, nje ya kanisa hapa Nshamba, nikiwa nimembeba mjukuu wangu Immakulata. Wanawake wakamminya mashavu. "Theopista, waitu, mwenzetu, huyu anakula!" Kichwa kikanivimba. Mama yake, Anatolia, alisimama pembeni wala hakucheka.

Anatolia alitoka Rubafu, akaolewa na mwanangu Datius mwaka wa sabini na mbili. Datius alibeba mizigo bandarini Bukoba, nyumbani akionekana mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mkamwana nilikaa naye mimi. Nilimfundisha kulima kibanja chetu cha migomba, nikamgombeza sana, maana ndivyo nilivyo. Lakini sisemi uongo, alikuwa mchapakazi. Novemba, senene, wale panzi wa kijani, wakitua, alitoka alfajiri na kurudi na kapu limejaa, mikono imechanwa na nyasi. Akakaa kunyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akapiga magoti na kumpa mume wangu, mzee Rugaibula. Sisi wanawake hatukulamba hata kidole. Mwanamke akila senene, tuliambiwa, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Mayai nayo yalikuwa ya wanaume. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Immakulata alipofika mwaka mmoja na miezi mitatu, Anatolia akashika mimba nyingine. Nikamwachisha mtoto ziwa siku hiyo hiyo, kwa sababu maziwa ya mjamzito tuliyaogopa. Akawa anakula ndizi. Ndizi asubuhi, ndizi jioni, nimeziponda mwenyewe na chumvi kidogo. Mwanzoni nilimwekea na maharage. Tumbo lilipoanza kujaa nikasema ni maharage yanamtia upepo, nikayaondoa. Mawe, mama wee! Nilijiona mjuzi.

Mtoto akanyamaza. Kuku alikuja kudonoa kwenye sahani yake naye akamtazama tu, hakumfukuza wala hakula. Nywele zikawa nyekundu, na nilipomchana zikabaki kwenye kitana. Nikasema zitaota nyingine. Uso ulikuwa umejaa, miguu imejaa, na macho yangu yalitaka kuona hivyo.

Mwaka huo wa sabini na tano vijiji vilikuwa na vikundi vya redio, Chakula ni Uhai. Watu walikaa, wakasikiliza, wakajadili. Mimi nilisema sina muda wa kufundishwa kula na redio. Anatolia alikwenda na mimba yake. Siku moja alirudi mbio, hata salamu hakunipa. Akamketisha mtoto, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, kisha akakiondoa.

Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili, halikujaa.

"Mama, huku si kunona. Ni maji. Mtoto ana njaa."

"Njaa? Na kibanja chote hiki?"

"Ndizi zinajaza tumbo, lakini mwili hauna cha kujijengea. Wamesema apate maharage, mayai, dagaa, hata senene. Nakuomba, Mama, uniruhusu."

"Mtoto wa kike ale mayai? Watu waseme nini? Wewe binti wa Rubafu, usiniletee laana humu ndani!"

Lile shimo liliniogopesha kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, nami nikiogopa huwa nagomba. Usiku huo nilimshika mguu mtoto akiwa amelala, nikabonyeza. Sikumwambia mtu.

Wiki hiyo senene walitua. Mchana nilisikia kijiko kikigonga bakuli nyuma ya jiko. Anatolia alikuwa amewatwanga senene, amewachanganya na ndizi, anamlisha mtoto. Na mtoto, aliyekuwa akikataa chakula siku zote hizo, alikuwa anafungua mdomo mwenyewe. Nililiona hilo. Nililiona, na bado nikampokonya bakuli nikawamwagia kuku.

Immakulata akalia. Alikuwa hajalia kwa wiki tatu. Alinyoosha mkono kuwaelekea wale kuku, akalia kama mtoto anayetaka kuishi, nami nikasimama pale na bakuli tupu.

Anatolia alimnyanyua kutoka chini. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali kwa miguu, na tumbo lake la miezi saba. Hakuomba ruhusa yangu wala ya baba mkwe. Nilimfuata kesho yake na nguo za kubadilisha. Wahudumu walikuwa wanamnywesha mtoto maziwa kijiko kwa kijiko. Mmoja akaniuliza kwa upole kwa nini tumechelewa. Nilimjibu kwa ukali kwamba hatukuchelewa. Siku ya tatu, asubuhi, Immakulata alikufa. Mashavu yalikuwa yameshapungua, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mtoto alivyokuwa amekonda.

Tulimzika kwenye kibanja. Wanawake wale wale wa kanisani walikuja, na hakuna aliyetaja kunona.

Siku kumi baadaye senene walitua tena. Anatolia alitoka alfajiri kama kawaida, akarudi, akanyonyoa, akakaanga. Rugaibula alikuwa amekaa na wageni wawili, wamenawa mikono, wanasubiri. Anatolia akaingia na bakuli. Hakupiga magoti. Akakaa chini, akaliweka juu ya tumbo lake, akaanza kula mbele yao.

"Theopista!" mume wangu akafoka. "Huoni? Mwambie mkamwana wako!"

Wote wakanigeukia. Miaka yote mdomo wangu haukuwahi kukosa la kusema katika nyumba ile. Anatolia alikuwa anatafuna taratibu, macho yake usoni kwangu, hana hofu tena ya kitu chochote ambacho ningeweza kumfanyia.

Nikaenda nikakaa karibu naye, nikatia mkono bakulini. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Tangu utotoni nimewakamata senene, nimewanyonyoa, nimewakaanga, na ladha yao sikuijua.

Walikuwa watamu. Mungu anisamehe, walikuwa watamu sana. Nilitafuna huku nalia. Anatolia alilisogeza bakuli katikati yetu.