Keria Tupu Siku ya Idi

Enzi zetu hakuna aliyepanda baiskeli ili apunguze tumbo, maana matumbo yenyewe hayakuwapo. Baiskeli ilipeleka mahindi kwa kinu, mgonjwa hospitali na bi harusi kwa mumewe. Mtu mwenye baiskeli akipita mtaani kwetu Barani alipiga kengele hata kama njia nzima haina mtu wala kuku, na sisi watoto tulikimbia nyuma yake tukila vumbi kwa furaha. Ukiwa wa rika langu unajua nisemacho. Ukiwa mdogo, kaa nikusimulie.

Haya hunijia kila Jumapili asubuhi, wanapofika mgahawani kwangu hapa Malindi vijana wa baiskeli. Wengine hutoka Kilifi, wengine mbali zaidi, Mtwapa, na wote hufika wamevaa kaptula za kubana hata inabidi utazame pembeni kwa heshima. Viatu vyao vina chuma chini, wakitembea kwenye sakafu yangu ya saruji utadhani mbuzi wameingia. Baiskeli huziegemeza ukutani moja moja, polepole, kisha kabla hata ya kunywa maji huanza maonyesho. Huyu atamwambia mwenziwe, hebu inyanyue kwa kidole kimoja. Yule atageuza gurudumu alisikilize linavyolia. Wanatajiana gramu kwa bidii, na wakimaliza gramu wanaingia kwenye gia, na wakimaliza gia wanatoa simu kuonyeshana mwendo waliokwenda, kana kwamba simu ndiyo iliyopiga pedali.

Baba yangu, Mzee Bakari, hukaa kando ya mlango kwenye kiti chake cha kamba akiwatazama. Alikuwa fundi cherehani, sasa amevuka miaka themanini, na macho yake bado mazima. Vijana humwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye huwaitikia wote, kisha huwauliza swali lile lile la kila wiki: na keria iko wapi, pa kumpakia mtu nyuma? Wakicheka, yeye hacheki. Husema baiskeli isiyo na keria ni ya mtu asiye na mtu.

Kiongozi wao ni Kahindi, mwalimu wa shule huko Kilifi, kijana mwenye adabu na maneno mengi. Ni yeye, Jumapili iliyopita, aliyesema jambo lililonifanya nisimame na sinia mkononi, nikakumbuka kosa nililomficha baba yangu tangu nikiwa na miaka tisa. Lakini nianze mwanzo.

Baiskeli ya baba ilikuwa nyeusi, ya chuma, nzito kiasi kwamba mtoto hakuweza hata kuishusha stendi. Kwenye madigadi yake ya nyuma kilining'inia kipande cha raba kilichoandikwa kwa rangi nyeupe, Hasidi Hana Sababu. Ilikuwa na kengele mbili, dinamo, na kiti alichokishonea baba mwenyewe kifuniko cha mahameli nyekundu chenye vishada pembeni. Keria yake ilikuwa na mto. Mto ule ulikuwa wa mama. Alikaa upande, buibui kalikusanya mapajani, mkono mmoja kiunoni mwa baba, na mimi nikakaa mbele kwenye chuma cha katikati, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Chuma kile kilinifinya mpaka miguu ikafa ganzi, lakini hata ungenipa kiti cha mfalme nisingebadilisha. Kidevu cha baba kilikuwa juu ya kichwa changu, na akipumua nilisikia harufu ya iliki ya kahawa yake.

Siku kubwa ya baiskeli ilikuwa Idi. Baada ya swala na pilau, wanaume walizileta mbele ya kibanda cha fundi wa baiskeli, wakazipanga kwa stendi, magurudumu yote yametazama upande mmoja. Hapo ndipo maneno yalipokolea. Walibishana kengele ya nani inafika mbali, cheni ya nani haina sauti, rimu ya nani inang'aa hata ujione ndevu. Wasio Waislamu walikuja pia, maana pilau haina kabila, na wa kwanza wao alikuwa Charo wa kijiji cha Ganda, mkulima wa minazi, mshindani mkubwa wa baba. Charo alifunga maua ya plastiki kwenye usukani na kioo kila upande. Wakishabishana vya kutosha, kila mtu alimpakia mkewe kwenye keria, wakaondoka kwa msafara hadi daraja la Sabaki na kurudi. Wake walivaa vipya, manukato yakabaki njiani nusu saa nzima. Mwanamke asiyepakiwa siku hiyo alikuwa na la kueleza kwa majirani.

Kwa kawaida baba aliisugua baiskeli siku ya mwisho ya mfungo, kwa jivu na kitambaa, mpaka rimu zikawaka. Mwaka ule hakupata nafasi. Kanzu za watu zilikuwa zimejaa juu ya cherehani, kila mwenye kanzu kasimama mlangoni akidai darizi ya shingo iishe. Baba alikuwa na mkono wa darizi. Watu walitoka hata Rabai kumletea kitambaa. Basi Idi ikafika, yeye akaenda kuswali, na baiskeli imesimama uani na matope ya masika.

Nilisikitika kwa niaba yake. Nilimwona Charo akija na vioo vyake, na baba yangu na matope. Sasa, Idi kwetu sisi watoto ilianza na mafuta ya nazi. Mama alitupaka kichwa, uso, mikono na miguu mpaka tukameremeta, kwa sababu mtoto aliyepauka siku ya Idi alionekana hana wazazi. Mimi nilikuwa nimeshapakwa. Nikajitazama miguu, nikaitazama baiskeli, nikajua la kufanya.

Niliiosha kwanza kwa maji ya mtungini. Kisha nikachukua chupa ya mafuta ya mama, na kitambaa, nikaanza. Nikapaka chuma, nikapaka madigadi, nikapaka kengele. Rimu ndizo nilizozipaka kwa moyo wote, ya mbele na ya nyuma, ndani na nje, maana ndizo zilizokuwa zikisifiwa. Na vile vipande vya raba vinavyobana rimu, nikaona vimepauka maskini, nikavipaka navyo.

Wewe mkubwa unajua breki ni nini. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Baba aliporudi kutoka msikitini alisimama mbele ya baiskeli muda mrefu. Nilikuwa mlangoni. Akazungusha gurudumu, akapitisha kidole kwenye rimu, akakitazama. Kisha akanitazama mimi, akatabasamu, akasema, "Mashaallah. Leo Charo atavunja vioo vyake." Sikuwahi kusifiwa vile maishani, na sijui kama nimesifiwa vile tena.

Lakini baada ya pilau likatokea jambo ambalo sikulielewa. Mama alikuwa amevaa tayari, buibui jipya, hina mpaka vifundoni, mto wa keria umefuliwa. Baba akamwambia leo anataka kwenda peke yake. Mama akadhani ni mzaha. Baba akarudia. Mimi nikakimbilia kwenye chuma changu cha mbele, akaniondoa kwa mikono miwili, akaniweka kizingitini. Kisha akaondoka akiisukuma, hata kuipanda hakuipanda, mpaka akapotea kwenye kona. Keria ilikuwa tupu, na majirani wote wameiona. Mama aliingia ndani, akavua buibui, akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Saa ya alasiri walimrudisha. Kwenye mteremko wa kwenda darajani baiskeli ilikataa kusimama. Iliwapita wenziwe wote, kengele zote mbili zikilia, na watu wakamshangilia wakidhani anajionyesha, mpaka walipomwona akiigeuza kwa makusudi kuingia shamba la mahindi. Alirudi amepakiwa kwenye keria ya Charo, Hasidi Hana Sababu ikisukumwa nyuma na watu wawili. Kanzu yake ya Idi ilikuwa matope matupu. Mkono wa kulia alikuwa ameushika kwa wa kushoto, na kiganja kilitazama pasipo pake.

Walimuuliza imekuwaje. Akasema breki zimezeeka.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mtungi. Nilisikia neno hilo, na hapo hapo nikaelewa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado inanuka nazi. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini chumba kilijaa watu, mama analia, Charo anatafuta gari la kwenda hospitali, na kila nilipofungua mdomo hofu ikaufunga. Kesho yake nikasema nitasema kesho.

Mkono ulipona, lakini ulipona umepinda. Baba alirudi kwenye cherehani baada ya miezi, akashona sare za shule, mashuka, mapazia, mishono ya kwenda moja kwa moja. Darizi hakuidarizi tena. Watu wa Rabai wakatafuta fundi mwingine. Mama ndipo alipoanza kukaanga mahamri mlangoni, na mgahawa huu unaoniweka mjini ni mtoto wa mahamri yale. Chupa ya mafuta ya nazi ikahamia juu ya kabati, mahali nisipofika, na nilipouliza mama alisema mafuta yamekuwa adimu. Mama amefariki. Kila mara nimwonapo baba akishika kikombe kwa mkono wa kushoto, moyo wangu hushuka kidogo. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Basi Jumapili iliyopita Kahindi alikuwa akiwaonyesha wenziwe baiskeli mpya. Breki zake ni za kisahani, kisahani chembamba katikati ya gurudumu. Mmoja akanyoosha kidole kukigusa, Kahindi akamdaka mkono. Akasema usiguse, mafuta ya kidole tu yanatosha kuiharibu breki, na tone moja likidondoka hapo, mteremkoni humpati mtu.

Nilisimama na sinia la mahamri. Nikamtazama baba, naye alikuwa anasikiliza. Nikaona nikikaa kimya leo, nitakuja kuyasema haya kaburini kwake. Nikaweka sinia chini, nikapiga goti karibu na kiti chake.

"Baba," nikasema, "breki zile hazikuzeeka. Ni mimi. Nilizipaka mafuta ya nazi."

Baba alikuwa anamegea hamri kwenye bakuli la mbaazi. Hakuacha kumega.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Kabla sijatoka nyumbani. Baiskeli ilikuwa yanuka kama kichwa cha bi harusi." Akatafuna kwanza. "Ningempakia vipi mama yako? Ningekupakia vipi wewe?"

Nikamuuliza mbona basi hakuyafuta. Vijana wa baiskeli walikuwa wameziacha gramu zao, wametugeukia wote.

"Ulikuwa umesimama mlangoni, mwanangu, mafuta mpaka viwikoni, wanitazama. Ningeyafuta mbele ya macho yako? Nilifuta nilipopita kona, kwa leso yangu mpya. Nikajaribu breki pale tambarare, ikashika. Nikasema yatosha." Akautazama mkono wake uliopinda, akaugeuza upande huu na upande huu. "Nilisahau mteremko."

Kisha akaniambia kwamba yeye alimweleza mama yote usiku ule ule wa hospitali, na mama ndiye aliyesema wasinigusie kabisa, mtoto akikua atasema mwenyewe. Wakangoja. Mama alingoja mpaka akaondoka.

Nililia mbele ya wateja, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Nilililia mkono wa baba, na buibui jipya la mama lililovuliwa siku ya Idi, na kimya changu kirefu ambacho hakuna aliyenitaka nikibebe. Baba alinipapasa kichwa kwa mkono ule ule wa kulia, akaniambia mbaazi zapoa.

Vijana walipoondoka walimuaga baba mmoja mmoja. Wakapanda, wakapiga kona, kimya, bila kengele. Baba aliwatazama mpaka wa mwisho.

"Zote tupu," akasema.

Sitawaonea vijana wa leo. Baiskeli zao ni nyepesi na breki zao zinashika, na laiti baba angekuwa na breki kama zile kwenye mteremko wa Sabaki. Lakini mwenye baiskeli leo huenda peke yake, na akifika huulizwa ametumia dakika ngapi. Enzi zetu aliulizwa amembeba nani, na ukitaka kujua mtu anampenda nani ulitazama keria yake. Mimi nilitazama keria ya baba siku ile ya Idi, nikaiona tupu, nikanuna kizingitini na mama akanuna jikoni. Kumbe hakuna siku aliyotupenda kuliko siku aliyotuacha nyumbani.