Atuganile na Migongo ya Iyunga

Miaka ile ya sabini Mbeya ilikuwa na madereva wengi wa kujisifu, lakini dereva hasa alikuwa mmoja, na alivaa kitenge. Atuganile, Mnyakyusa wa Tukuyu, alijifunza udereva kwenye trekta la shamba la chai, na hakuna mwanamume aliyelazimika kumfundisha jambo mara mbili. Alipokuja mjini, Fidahussein, mfanyabiashara wa vipuri, akampa kazi ya kuendesha pikapu yake kati ya Mbeya na Iringa. Katika safari hizo ndipo alipompata Jailos, fundi magari wa mtaa wa Soweto pale pale Mbeya, aliyempendea jinsi alivyobadili gia. Jailos mwenyewe alisema hivyo mbele ya watu siku ya harusi yao, wala hakuona haya.

Mwaka 1974 Fidahussein aliingiza Datsun yake katika mashindano ya magari ya Iringa hadi Mbeya. Usukani akampa Atuganile, Jailos akakaa kando yake kumsomea njia. Pale Kihesa, walipoanzia, watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Walipopita Makambako wakiongoza, hakuna aliyecheka tena.

Ilibaki kilomita moja kufika Iyunga, mashindano yalikoishia, na nyuma hakukuonekana mtu. Hapo Atuganile akamwona mzee wa koti refu amesimama ukingoni mwa barabara. Alikuwa Sedekia, baba mkwe wake.

Sasa, kwa Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona njiani anampisha, anaingia vichakani na kujifunika mpaka mzee apite. Atuganile alilelewa na heshima hiyo tangu hajaota meno. Akili ilimwambia akanyage mafuta, mguu ukakanyaga breki. Datsun ikaacha lami ikaingia kwenye mahindi ya watu, naye akajifunika kitenge usoni.

“Mke wangu, twende,” Jailos akasihi.

“Tata ameondoka?”

“Hajaondoka. Anatutazama.”

“Basi hatuendi.”

Magari mawili yakawapita. Mji mzima ukasema mwanamke kashindwa kukata kona, na kona yenyewe haikuwepo. Atuganile hakujitetea, kwa kuwa kumtaja mkwe hadharani nako ni kumvunjia heshima. Aliumia sana. Fidahussein hakufoka, na hilo lilimuumiza zaidi.

“Mwakani nakupa tena, mama,” alimwambia. “Ukiniangusha, gari nampa mtu mwingine.”

Mashindano ya pili yalipokaribia, Jailos alishindwa kuvumilia. Akaenda kwa baba yake, akamweleza yote na kumwomba siku hiyo abaki nyumbani.

“Nibaki nyumbani mkamwana wangu akishindana?” mzee akasema. “Nitakuja. Na wenzangu wa rika nitawaleta.”

Jailos alirudi amenywea. Wazee wa rika la mkwe nao ni wakwe. Mwaka uliopita alikuwapo mmoja, sasa wangekuwa kundi zima. Atuganile aliposikia alikaa chini. “Basi nimekwisha,” alisema.

Lakini alikwenda, kwani kukataa kungekuwa kushindwa kabla ya kuanza. Tangu Mafinga, Peugeot moja ya Iringa ilimganda nyuma, akikosea kidogo tu imempita. Walipoikaribia Iyunga akayaona yale makoti marefu, yamejipanga kando ya barabara. Mguu ukaanza kuacha mafuta.

Kisha akaona vizuri. Ilikuwa migongo. Wazee wote walikuwa wameipa barabara kisogo, wametazama mahindi, makoti wamejifunika vichwani.

Atuganile akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Alimaliza wa kwanza, akalia kwa fahari bila kujificha, na Fidahussein akalia naye.

Jioni Jailos alimsimulia aliyoyasikia kwa watu waliokuwa kule nyuma. Magari yote yalipokwisha pita, mzee Sedekia aliuliza, bado kajifunika koti, “Aliyetangulia nani?”

“Mkamwana wako,” watu wakamjibu.

Mzee akafunua kichwa, akatafuta pa kukaa. “Haya, nielezeni alivyopita,” akasema, “na msiruke kitu.”