Mafuru Anaoga Beseni

Harufu ya dagaa walioanikwa juani hunirudisha Mukendo hata kama sitaki. Wengine huwa wanaziba pua. Mimi hunipandisha hasira, na hasira hiyo ina jina: Mafuru.

Nilikuwa darasa la sita pale Mukendo, mjini Musoma. Kila asubuhi kabla ya shule nilimsaidia mama kuanika dagaa kwenye mawe ya ziwani. Mafuru nilikaa naye dawati moja, na nilimpenda, nisiwafiche. Alikuwaga ananigawia muwa, ananiachia kipande kilicho laini. Siku moja tukirudi nyumbani akaniambia siri ambayo hajawahi kumwambia mtu: haogelei. Mtoto wa Musoma, jamani, anaoga kwenye beseni! Kaka yake alizama, na tangu hapo yeye akilitazama ziwa anaona maji yana meno. Alilia. Nikamfuta machozi kwa pindo la sketi yangu, nikajiona mke wa mtu.

Wiki haikuisha. Mwalimu aliingia darasani, akauliza nini kinanuka. Mafuru akasimama, mkono juu.

"Ni Nyangeta, mwalimu. Huyu analalaga na dagaa."

Darasa zima likaangua kicheko, na mchana, wote wakaenda makwao kula dagaa hao hao. Yeye alicheka kuliko wote. Nikaitwa Dagaa mpaka namaliza la saba.

Mama alipenda kusema dawa ya moto ni moto. Basi nikatunga wimbo wa kuruka kamba, nikawafundisha wasichana wadogo wa mtaani:

Mafuru wa ziwani
anaoga beseni,
mama shika mkono,
maji yana meno!

Jumamosi ulikuwa mtaani kwetu. Jumatatu, Mukendo nzima. Akitumwa dukani, wanamwimbia. Akienda kanisani, wanamwimbia. Alikonda, na haki ya Mungu nilifurahi. Mwishowe wazazi wake wakampeleka kwa shangazi yake Bunda, mtaa wa Nyasura. Nami nina binamu Nyasura. Likizo ilipofika nikaenda, na kamba yangu.

Mwaka jana nilikwenda Butiama kufuatilia kiwanja, ofisi za wilaya. Nje, wasichana walikuwa wanaruka kamba kwa wimbo wangu, neno kwa neno.

"Mafuru ni nani?" nikamuuliza mmoja.

"Sijui, mama. Ni wa kwenye wimbo tu."

Nilikaa kwenye ngazi. Utotoni nilidhani nimetoboa siri ya kuchekesha. Kumbe nilichukua msiba wa mtoto nikawapa watu wauchezee. Tena nilimfukuza katika mji wake yule niliyempenda, na alipoondoka, mji ule nami sikuupenda tena. Ningeweza kuwaambia: wanangu, wimbo huo una maiti ndani, uacheni. Nilikwisha kufungua mdomo. Kisha nikakisikia tena kile kicheko cha darasa, na hasira ikanipanda upya, mbichi kabisa.

Nikainuka, nikaomba upande mmoja wa kamba, nikazungusha.