Upande wa Pili wa Shuka

Kazi ya kunoa mikasi inakufikisha mahali pengi, na pengi hapana la kukumbuka. Lakini kile chumba cha kufulia nyuma ya hospitali, kila nikipita karibu, miguu ilikuwa inapinda yenyewe. Ukiingia asubuhi hujui kama uko duniani au ndani ya wingu. Mvuke unapanda taratibu, mashuka meupe yamening'inia kutoka darini hadi magotini, na jua linapita dirishani na kutua juu yake kama mgeni aliyekaribishwa. Mimi nilikuwa napewa mikasi ya kukatia mashuka yaliyochakaa yawe matambara. Nakaa kizingitini, nanoa polepole, makusudi.

Humo ndimo nilimomjua Mama Pembe Nne. Jina hilo alipewa na wenzake, maana shuka likipita mikononi mwake, pembe zake nne zinakutana sawasawa, hakuna inayompita mwenzake hata kwa upana wa uzi.

Sasa, shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Linataka wawili: huyu anashika ncha mbili, yule mbili, wanalivuta mpaka liseme "pa!", kisha wanasogeleana hatua kwa hatua mpaka mikono igusane. Aliyeshika upande wa pili kwa miaka kumi na tisa alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wote wawili wajane, wanakaa pamoja vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Na walikuwa na desturi yao. Kila wakikutana katikati, kabla ncha hazijabadili mikono, kila mmoja anataja jambo moja la kumshukuru Mungu. Wala si makubwa. "Kwa kiatu kisichobana." "Kwa yule mgonjwa wa kitanda cha saba, leo kanywa uji." Mashuka mia kwa siku! Ikifika saa sita wameshaishiwa, wanashukuru mpaka kwa kuwa na viwiko.

Basi wifi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na moyo nao ukageukia ukutani. Mtu aliyekuwa na maneno kama redio akawa anajibu kwa nyusi. Sala akaacha. Akiambiwa, "Wifi, tusali," anavuta shuka mpaka usoni.

Kazini, msimamizi akataka kuleta mtu mwingine. Mama Pembe Nne akaomba apewe muda. Akapigilia misumari miwili ukutani, akawa anatundika ncha mbili pale, yeye anavuta huku. Akiufikia ukuta anasimama, anataja shukrani yake kwa sauti, ndipo anakunja.

"Mwenzako leo mbona kimya?" fundi wa boila anamchokoza.

"Si kimya. Wewe ndiye una mvuke masikioni."

"Haya, ni nani huyo?"

"Mungu ndiye anashika upande ule. Umewahi kuona shuka langu limeanguka?"

Chumba kizima kinacheka, naye anacheka nao. Lile neno likazunguka hospitali yote, hadi kwa walinzi wa getini.

Siku moja nilimuuliza, "Mwanangu, wewe hulii?"

"Nalia, babu. Nalilia humu humu kwenye mashuka, pasi inakausha. Lakini nikisema asante ya kwanza, kitu kinatulia hapa," akagusa chini ya koo, "kama maji ya ndoo ukishaitua chini. Mimi nitaishi. Ninayemhofia ni wifi. Mwili utakwenda unavyokwenda. Ila akiondoka akiwa amegeukia ule ukuta, hajarudi kwa Mungu wake wala kwangu, nitakuja kumwambia nini kaka yake?"

Nikaendelea kunoa.

Kumbe neno la misumari lilikuwa njiani. Jirani mmoja alikwenda kumjulia hali wifi, akamsimulia kama kichekesho. Jioni Mama Pembe Nne aliporudi, akamkuta mwenziwe ameketi, macho makavu. Maneno yakatoka yakiburuta kama ule mguu.

"Umeniwekea msumari."

"Wifi yangu..."

"Na Mungu umempa zamu yangu. Basi mimi wa nini?"

Asubuhi yake nilimkuta dobi wangu amekaa bila kufanya kazi, kitu ambacho sijawahi kukiona. Akanieleza yote. "Babu, nilidhani naingia ndani kwa Mungu. Kumbe nimefunga mlango nyuma yangu, wifi yuko nje." Kisha akatazama mfuko wangu. "Humo una koleo?"

Niliing'oa ile misumari mimi mwenyewe. Ilitoka kwa kulalamika. Naye akamwendea msimamizi, akamwambia amlete huyo mtu mwingine, na akaomba shuka moja kuukuu lililokuwa linangojea mkasi.

"Jumamosi upite nyumbani," akaniambia. "Kisu chetu hakikati hata hewa."

Jumamosi alasiri nikakaa mlangoni kwao na kile kisu. Harufu ya mbao mbichi ilikuwa inaingia kutoka kwa seremala. Wifi alikuwa kitini. Mama Pembe Nne akalikunjua lile shuka, jembamba mpaka unaona dirisha ng'ambo yake, akampa ncha moja mkono wa kushoto. Ya pili akamwekea mapajani.

"Na hii?" wifi akauliza.

"Utajua mwenyewe. Mimi misumari nimeacha."

Wifi akamtazama kwa hasira ya muda mrefu. Kisha akainama, akaiuma ile ncha kwa meno.

"Pa!" likasema shuka.

Mama Pembe Nne akaanza kuja, hatua kwa hatua, na mwanga wa alasiri ukawa unakunjika katikati yao. Wakakutana. "Namshukuru Mungu," akasema, "kwa kisu kitakachokata." Akangoja. Nami nikaacha kunoa. Wifi kafumba macho, taya zimekaza, na machozi yanateremka juu ya shavu lililolegea na lile lisilolegea. Akafungua kinywa, ncha ikaanguka.

"Namshukuru Mungu," akasema polepole, "kwa meno."

Halafu kicheko kikamtoka, cha upande mmoja, mpaka kiti kikalia. Mama Pembe Nne akakaa chini sakafuni, akajifunika lile shuka, akacheka humo ndani. Au alilia. Lilikuwa linatikisika tu.

"Nyanyuka wewe," wifi akamwambia. "Pembe ziko tatu. Tuanze tena."