Mwenye Gitaa la Nyuki

Elbia Bentancor hakuwahi kusoma kwa sauti akiwa na viatu vyote viwili. Akishakaa kitini, kabla hajafungua kitabu, alikivua kiatu cha kushoto, akakisukuma chini ya kiti na kuukanyagisha mguu mtupu kwenye mbao za sakafu. Alifanya hivyo hata Agosti, baridi ya mtoni inapopenya mpaka kwenye mifupa. Wakimtania kwamba anaitafuta homa ya mapafu, alijibu kuwa masikio yake yana kazi ya kusikiliza hadithi, basi wa kumsikia anayechelewa ni mguu.

Mji wao ulikuwa kando ya mto Uruguay, na haukuwa na mtu wa kujivunia ila Mfamasia. Ndivyo walivyomwita, ingawa duka lake la dawa lilikwisha kuwa duka la viatu, kisha gofu. Enzi za babu zao, mchana aliuza poda za kikohozi, usiku akaandika visa vya kutisha: maiti zinazoota kucha, visima vinavyoita watu kwa majina. Alipokuwa hai walivuka barabara kumkwepa. Alipokufa ndipo walipompenda. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na siku ya kifo chake, watu wakiamka usingizi wa mchana hubeba viti hadi kwenye banda la stesheni ya zamani, ambako treni haijafika miaka mingi, wakazisoma hadithi zake hadi jua lizame.

Kila hadithi ilikuwa na mwenyewe. Huyo ndiye aliyeisoma mwaka hadi mwaka, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Siku akichoka, humkalisha mrithi kwenye kiti chake mbele ya watu wote, akasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani. Basi, imehama. Lakini mwenyewe akiwa mgonjwa, au akifa bila kurithisha, zamu ya hadithi ile ikifika watu hunyamaza kwa muda uleule ambao ingesomwa. Vibuyu vya chai chungu huzunguka na mirija yake, mtoto hulia, bati hugonga kwa upepo, na hakuna anayesema neno. Hadithi bubu zilikuwa chache, na kila familia ilikuwa na hofu ya kuongeza nyingine.

Ya Elbia ilikuwa hadithi ya gitaa la nyuki, aliyorithi kwa mama yake. Mjane mmoja ametundika ukutani gitaa la marehemu mumewe. Nyuki wanaingia humo, na kila jioni gitaa linavuma polepole wimbo ambao mume alikuwa akiupiga. Mjane anavumilia, mwishowe anashindwa, analivunja. Ndani anakuta mkono wa nta, umetimia vidole vyote ila kile cha pete. Elbia alipofika hapo alishusha sauti, na wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kujikuna shingo.

Siku nyingine zote alikuwa mpiga pasi. Hoteli ya chemchemi za maji moto ilimletea mashuka kwa gari, naye aliyanyoosha tangu asubuhi kwenye meza ndefu iliyojaza nusu ya nyumba. Chini ya meza hiyo ndiko alikokulia Rosaura Techera, mtoto wa jirani, ambaye mama yake alipika jikoni kwa hoteli hiyohiyo. Shuka zikining'inia huku na huku kama mapazia, Elbia aliisoma hadithi yake kwa ghibu huku pasi ikienda, na Rosaura alisikiliza akiwa amekumbatia magoti. Hata kabla hajajua kuandika vizuri, alikuwa ameijua hadithi ile neno kwa neno, pamoja na mahali ambapo Elbia huvuta pumzi.

Hakuna aliyemfundisha. Aliyefundishwa ni Ivonne, binti wa pekee wa Elbia. Yeye alisimamishwa juu ya meza, akakariri.

Rosaura alisomea ualimu, akarudi, akapewa maktaba ya mji na kazi ya kuandaa Jumapili ya Mfamasia. Kila jioni akifunga alipitia kwa Elbia wakanywe chai chungu. Alimwita Bi Elbia. Neno mama lilikuwa la Ivonne, na Ivonne alikuwa Hispania tangu mwaka ule benki zilipofunga milango na vijana wakaondoka kama ndege. Huko aliogesha wazee wa watu. Kila Agosti alisema mwakani atakuja.

Kisha sauti ya Elbia ikaanza kukwaruza. Madaktari walikuta uvimbe kooni. Walisema wataukata, na kwamba baada ya hapo asitegemee kusema. Ilipobaki wiki moja kufika Jumapili ya Mfamasia, alikuwa akinong'ona tu. Mji mzima ulijua kuwa mwaka huu lazima airithishe, au gitaa liwe bubu. Rosaura alijua pia kitu alichokitamani tangu chini ya meza, na hakuwahi kumwambia mtu: kuuhisi mkono ule begani kwake.

Alimpigia Ivonne simu.

"Wewe si upo? Isome wewe," Ivonne alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unaipenda."

"Mama yako anakungoja wewe."

"Mwambie nimenyimwa ruhusa kazini."

"Umenyimwa?"

"Sijaomba. Rosaura, mwenzangu, wewe ulikuwa chini ya meza. Mimi nilikuwa juu. Nikikosea neno, naanza upya. Mpaka leo nyuki akiingia chumbani, natoka mimi. Kama alitaka kunipa kitu, si angenipa kingine?"

Jioni hiyo Rosaura alimkuta Elbia amenyoosha blauzi nyeupe na kuitundika mlangoni. Ilikuwa ya kipimo cha Ivonne wa miaka ishirini. Aliuliza kwa macho, na Rosaura akajibu kwamba Ivonne anajitahidi. Kwa neno moja la kweli angeweza kulipata gitaa. Hakulisema, na alipokuwa akirudi nyumbani alijiuliza kama huo ulikuwa wema. Aliona kwamba ulikuwa pia kiburi. Hakutaka kupewa kwa sababu mwingine amekataa. Alitaka achaguliwe.

Jumapili ilikuja na manyunyu. Don Walter Píriz, kinyozi, alisoma kisa chake cha maiti zinazoota kucha na nywele, na kama kawaida yake akawaambia wanaume wa mstari wa nyuma kwamba wasioonekana kibandani kwake tangu Pasaka ndio hasa walioandikwa humo. Watu walicheka. Halafu zamu ikamfikia Elbia.

Alikaa, akavua kiatu, akaweka kitabu mapajani bila kukifungua. Don Walter aliinama karibu naye.

"Bi Elbia, Rosaura huyu hapa. Anaijua mpaka pumzi zake."

"Najua anaijua," Elbia alinong'ona. "Huyu hapotei." Akageuza macho mlangoni.

Basi wakanyamaza.

Rosaura alisimama karibu na ukuta, akaanza kuisoma moyoni ili ajue itakapoisha. Mjane alikuwa bado anatundika gitaa Rosaura alipoona vidole vya mguu wa Elbia vimejikunja. Kisha na yeye akasikia: hatua juu ya mbao za nje, za haraka, za mwanamke. Uso wa Elbia uligeuka ukawa wa msichana. Alikwisha kuinuka nusu, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti ili akiachie.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa mke wa mwoka mikate, amebeba sinia la mikate ya kukaanga iliyofunikwa kitambaa, maana mvua ikinyesha ndiyo watu hula. Aliusikia ukimya, akajua ni wa nani, akabaki pale mlangoni na sinia lake kama mtu aliyeingia matangani akiimba. Elbia alimtazama, akamwashiria kwa kidevu akae, yeye mwenyewe akarudi kitini.

Nyuki waliingia gitaani. Jioni zikapita. Mjane alipolivunja, Rosaura aliinua macho, akaona midomo ya Elbia ikicheza. Walikuwa kwenye neno moja, yeye na yeye, na walifika kwenye kidole kisichokuwepo kwa pamoja. Hakuna mwingine ndani ya banda aliyejua.

Jumatatu madaktari walimpasua koo, na hakusema tena. Hakutoka hospitalini hadi alipofariki, mapema Septemba. Kwao maiti hailazwi zaidi ya siku moja, kwa hiyo Ivonne alipofika kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani ya mvua. Alilala nyumbani kwa mama yake usiku mmoja, akaondoka. Blauzi aliiacha palepale mlangoni. Watu walimwomba Rosaura alichukue gitaa, kwani nani atakayelaumu? Alikataa. Kila Agosti zamu ile ikifika yeye ndiye hupandisha mkono kuwanyamazisha, na yeye ndiye hujua ni lini waanze tena.

Jumapili ile ya mwisho ya Elbia, watu walipokuwa wakibeba viti vyao, Don Walter alikwenda kuleta gari. Rosaura alipiga magoti kumvalisha Elbia kiatu. Mguu ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, akaushika kidogo kwa mikono miwili kuupasha moto. Alikuwa amefumbua kinywa kumwambia habari ya Ivonne, yote, pale chini, bila kumtazama. Elbia alimwekea mkono kichwani, si begani, akamvuta sikio lake karibu na mdomo.

"Ukifunga banda, mwanangu, usitie komeo. Ivonne huenda akachelewa."