Mbuzi walivyokula mtaa wangu kando ya chuo kule Kakuma

Wakuu, ejok! Natumai mko salama huko mliko na feni zinazunguka, maana hapa Lodwar leo hata kibodi inaunguza vidole.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo acha na mimi nichangie. Hii kitu ilinitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mashahidi wapo, ingawa baadhi yao wana pembe.

Mimi ni mchoraji kwenye ofisi ndogo ya mipango miji hapa Lodwar. Bosi wangu tumwite Madam Akiru. Ni mama mpole sana, mpaka siku umwonyeshe kazi yenye makosa.

Basi tukapata kazi Kakuma. Kuna chuo cha kijamii pale, wanafunzi ni wenyeji na wengine wanatoka kambi ya wakimbizi, wanasoma umeme, ushonaji, kompyuta. Kando ya chuo kuna uwanja mtupu. Tukaambiwa tupange hapo mtaa wa mixed-use.

Kwa wale wasiojua, maana yake ni hivi: chini duka, juu chumba cha mwanafunzi, pembeni kinyozi na zahanati. Mtu anatoka darasani, ananyolewa, anakula chapati, anaenda kulala, na hajapanda pikipiki hata moja.

Nikachora. Wakuu, nilichora! Hata parking niliweka, katikati kabisa, kubwa. Msiniulize ya magari ya nani.

Mkutano wa kwanza na wananchi ulikuwa aibu tupu.

Tulibandika ramani ukutani. Barabara nilikuwa nimezipaka bluu. Watu wakauliza huo mto unatoka wapi na kama una maji mwaka mzima. Walifurahi sana. Tulipowaambia ni barabara, wakanuna.

Mzee mmoja mfugaji, Apa Lokwawi, akasimama akaongea kirefu kwa Kiturkana. (Apa ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima huku.) Alikuwa anasema kitu kuhusu njia. Mimi nilikuwa nakunja ramani. Nikaandika kwenye daftari, "Maoni yamepokelewa."

Tukarudi Lodwar mikono mitupu. Tulipofika, Madam akafungua mdomo.

"Mkutano ujao ndio wa mwisho. Wakikataa, kazi inapewa ofisi nyingine, na wewe sijui nitakuweka wapi. Karatasi haiwaingii. Watengenezee mtaa wa kushika na mkono."

Yaani model. Sawa.

Nikakusanya maboksi ya sabuni nikakata nyumba. Gundi ya dukani ilikuwa imekauka ndani ya chupa, nikapika uji mzito wa unga wa ngano, ukashika vizuri ajabu. Mapaa niliyapaka chai ya rangi iliyokolea, yakatoka kama mabati yenye kutu, safi kabisa. Miti nikaweka maganda ya mgunga.

Barabara nilitaka zing'ae. Nikaenda dukani kununua chumvi ya mawe, ile ya mifugo.

Mwenye duka akaniuliza, "Una mbuzi wangapi?"

"Sina mbuzi. Natengeneza barabara."

Aliniangalia kwa huruma, akanifungia.

Sasa wakuu, tulieni muangalie hiyo orodha. Unga. Chai. Maganda ya mgunga. Chumvi. Mimi nilidhani nimejenga mtaa, kumbe nimepika.

Siku ya mkutano tukaibeba kwa pikapu hadi Kakuma, mimi nyuma nimeikumbatia kama mgonjwa. Hema lilikuwa limesimamishwa palepale uwanjani. Tukaweka mtaa juu ya meza fupi katikati. Watu walipouona wakaanza kuguna kwa kupendezwa. Mwalimu mkuu wa chuo akatafuta ofisi yake. Akaipata. Akatabasamu.

Nikashika kijiti, nikaanza presentation. "Hapa ni hosteli, hapa ni soko, na hapa katikati..."

Nikasikia kengele.

Nikageuka. Mbuzi wanaingia kwa upande mmoja wa hema, mstari mmoja, bila wasiwasi, kama watu waliochelewa kidogo kwenye mkutano wao wenyewe. Mbele ni beberu mweupe. Akanusa hewa. Akaja moja kwa moja mezani.

Alianza na parking. Akalamba chumvi yote. Wengine wakafika, mmoja akang'oa miti, mwingine akapanda mezani na miguu miwili akabeba zahanati nzima akaondoka nayo. Mwalimu mkuu alijaribu kuikinga ofisi yake kwa mikono. Ikaliwa hivyohivyo kati ya vidole.

Mimi nilikuwa napiga kelele "Hosteli! Hosteli!" kama vile kuna watu ndani.

Kufumba na kufumbua walikuwa wametoka upande wa pili wa hema, wakaendelea na safari yao kuelekea mtoni. Nikamwangalia Madam. Alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikaanza kuwaza kurudi kwa mama yangu kule Kainuk.

Apa Lokwawi akainuka. Kumbe mbuzi ni wake.

"Wewe," akaniambia kwa Kiswahili, "ule mweupe nakula nyumba yako. Iko na dawa? Akikufa?"

"Hatakufa, Apa. Ni unga tu na chai."

"Basi wewe kula."

Wakuu, watu wote wananiangalia. Nikachukua paa la hosteli lililobaki. Nikauma. Nikatafuna. Nikameza, sabuni kidogo ndani.

Hema likapasuka kwa kicheko. Na Madam, kumbe wala hakuwa analia, alikuwa anacheka tangu zahanati ilipobebwa.

Apa aliposhiba kucheka akasema, "Mimi nilisema ile siku. Nikasema hapa ni njia ya mbuzi kwenda maji. Tangu baba yangu. Wewe naandika, naandika. Nini uliandika?"



Nikaangalia meza. Hapo ndipo nilipoona. Mbuzi walikuwa wamepita katikati ya mtaa wangu, wameacha mfereji ulionyooka kutoka kona hii hadi kona ile. Parking yangu yote ilikuwa imekaa juu ya njia yao. Na hema letu pia.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Nyandeng akasogea mezani. Huyu ni mama wa Sudan Kusini, anauza chai na mandazi kwenye geti la chuo.

"Malesh, kijana, pole," akasema. "Lakini mimi pia niko na swali. Soko umeweka nyuma ya choo. Nani atakunywa chai nyuma ya choo?"

Akachukua vibanda vilivyobaki, akavipanga kando ya ile njia ya mbuzi, karibu na geti. Mwanafunzi mmoja wa kike akasogeza hosteli juu ya vibanda. Apa akaweka fimbo yake mezani kuonyesha upana anaotaka. Mwalimu mkuu akaomba ofisi yake isogezwe mbali kidogo na harufu.

Mkutano mzima ukahamia mezani. Wanabishana, wanasukumana, wanahamisha maboksi yaliyotafunwa. Ile siku ya ramani, ukiacha swali la mto, hakuna aliyeongea zaidi ya Apa. Leo ilibidi tuwaombe waende nyumbani.

Nilipiga picha ile meza, nikarudi Lodwar nikachora vile ilivyokuwa. Njia pana ya mifugo inapita katikati, maduka yamekaa kando yake na kivuli mbele, vyumba vya wanafunzi viko juu. Parking ni ndogo, imekaa pembeni. Tulipowarudishia ramani, walipitisha bila swali hata moja, isipokuwa Apa aliyeuliza kama nimekula mchana.

Kwenye ripoti kuna sehemu ya kuorodhesha walioshirikishwa. Madam aliijaza mwenyewe: chuo, wafanyabiashara, wafugaji. Halafu akaongeza, "Mifugo: walishiriki kikamilifu." Ikapigwa muhuri hivyohivyo.

Funzo nililopata: mtu akisimama kwenye mkutano akakwambia hapa ni njia, acha kukunja ramani. Mwambie mwende akuonyeshe. Siku hizi kabla sijagusa penseli nakaa kwenye uwanja siku nzima naangalia nani anapita.

Ofisini wananiita Mpishi. Nimekubali.

Haya, wahandisi, walimu, mafundi wa humu: nani mwingine kazi yake imewahi kuliwa, kukanyagwa au kuchekwa mbele ya watu ikatoka bora kuliko alivyoileta? Shusheni zenu hapa chini, nasoma zote. Na wale wa "tupe picha", zaidi ya ile ya meza ninayo moja tu, niliyopigwa, na ndani yake natafuna.